Idadi ya Wageni

Gari lililia mara ya kwanza walipokuwa wametoka kwenye magofu, hata kilomita mbili hawajafika. Tii, tii, tii. Taa nyekundu ikawaka mbele ya usukani, ile ya abiria wa nyuma ambaye hajafunga mkanda. Binti aliyekuwa anaendesha akatazama kioo. Kiti cha nyuma kilikuwa na mkoba, chupa ya maji, na nafasi ambayo angekaa mama yake kama asingefariki miezi mitatu iliyopita.

"Baba, umeweka nini huko nyuma?"

"Sijaweka kitu." Mzee akageuka, akavuta mkanda wa kile kiti kitupu, akaubana. Gari likanyamaza. "Haya, twende."

Hakuona ajabu. Mzee wa watu, tangu mazishini haoni ajabu wala raha. Alikuwa mkaguzi wa shule miaka thelathini, mtu wa kutoa alama kwa kila kitu mpaka chai ya mkewe, na safari hii walikuwa wameipanga yeye na mkewe tangu hajastaafu: mbuga na magofu saba, kila sehemu ipewe alama kati ya kumi kwenye daftari. Njia, vyoo, kivuli, mtoa maelezo. Mama alipofariki ndugu wakasema ahirisheni. Mzee akasema safari iko palepale. Basi wakaenda, na kazi yake ikawa kugawa tano. Magofu, tano. Mbuga iliyofuata, tembo arobaini wakivuka mto mbele ya gari na vitoto vyao katikati, tano.

"Jamani, baba! Tano?"

"Wamevuka tu."

 Tuseme ukweli, na binti mwenyewe aliwatazama wale tembo asisikie chochote moyoni. Wote wawili walikuwa wamekufa ganzi. Ndiyo maana ile harufu ilipoanza, harufu ya mawe mabichi na mavi ya popo, alishusha kioo tu akaendelea kuendesha.

Baada ya lango la tatu, chupa ya maji ilikuwa tupu na hakuna aliyeinywa. Kiti cha nyuma kilibonyea upande mmoja. Mzee akafungua daftari, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Tisa," akasema. "Mama yako amepapenda."

Binti akasimamisha gari pembeni. Akazima injini.

"Baba, umesema nani?"

"Endesha, mwanangu. Anachoka tukisimama juani."

Kwenye lango la nne alimfuata baba yake hadi mezani, pale wageni wanapojiandikisha, akachungulia begani. Jina, anakotoka, tarehe, idadi ya wageni. Mkono wa mzee ulipita kwenye mistari bila hata kufikiri, mkono ambao ulisaini vitabu vya wageni vya shule zote alizowahi kukagua, na kwenye idadi ukaandika 3. Watatu, kama alivyoandika miaka yote tangu binti azaliwe.

"Baba, tuko wawili."

Mzee akaitazama ile namba. Hakuifuta.

Hapo ndipo binti alipompigia mjomba wake, na mjomba, ambaye kwa kawaida hana siri, akamwelekeza kwa kunong'ona kwa mganga mmoja mji wa mbele. Mganga alikuwa mama mwenye miwani na simu mbili, na chumba chake kilikuwa nyuma ya duka la matairi. Alitoka hadi kwenye gari, akainama dirishani, akarudi nyuma hatua tatu. Mlango hakuugusa.

"Nani kamwandika huyu?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Baba. Kwa mazoea tu."

"Jini wa magofu hana mwenyewe. Anakaa anangoja mtu amhesabu. Sasa kila lango linampa kitu. Ameshapata uzito, ameshapata pumzi. Akimaliza safari atakuwa mtu kamili, na vyote hivyo anavitoa kwa baba yako. Humuoni alivyopungua?"

Alikuwa anamuona. Mkanda wa suruali ya mzee ulikuwa umetobolewa matundu mapya mawili, na mkono wake wa kushoto, ule anaouning'iniza nyuma ya kiti, ulikuwa wa baridi.

"Nifanye nini, mama?"

"Rudini alikoanzia. Mzee aandike idadi ya kweli, kwa mkono wake na kwa hiari yake. Usimshike mkono. Ukimlazimisha, haihesabiki."

Wakageuza gari mchana ule ule, jua kali, barabara nyeupe, na binti akajiapiza kwamba hatatazama kioo, akatazama lami, akatazama malori, akahesabu nguzo za umeme, lakini nyuma yake mtu alikuwa anapumua, pumzi ya taratibu yenye kikohozi kidogo mwishoni, kikohozi cha mama yake kabisa, ila kilikuja akivuta pumzi ndani badala ya akiitoa nje, na mzee akawa anakijibu pole, pole mama, huku mkono wake umeshikwa na kitu huko nyuma, na binti alipoinua macho bila kutaka akaona bega, na mtandio, na shavu likianza kujaa.

"Baba," akasema, machozi yakimtoka, ya kwanza tangu mazishini. "Andika wawili. Mimi na wewe. Nimebaki na wewe tu, baba."

"Nimesikia, mwanangu."

Magofuni karani wa lango alikuwa anakula karanga. Akasukuma kitabu mbele yao. Mzee akachukua kalamu. Binti akarudisha mikono mgongoni, akaifumbata mmoja kwa mwingine ili asimguse. Mzee aliandika jina lake polepole, akaandika anakotoka, akaandika tarehe, akasita. Kisha akaandika 2.

 Binti akacheka, akalia, akamkumbatia baba yake mabega yaliyobaki mifupa. "Asante, baba. Twende nyumbani. Twende sasa hivi."

Mzee akamtoa mikononi taratibu, kwa upole, kama alivyokuwa akimtoa mapajani zamani akitaka kusoma gazeti. Akampa kalamu.

"Na wewe jiandikishe," akasema. "Sisi tumemaliza."

Mlango wa gari ukafungwa huko nje. Nyayo zikakanyaga kokoto, bila haraka, na kikohozi safari hii kikaja sawasawa, pumzi ya nje. Karani akainua macho juu ya kichwa cha binti, akafuta chumvi mikononi.

"Karibu, mama. Mzee, piteni ninyi, mtoa maelezo yuko ndani." Kisha akamgeukia binti. "Dada, uko nao hawa, au uko peke yako?"

Binti hakugeuka. Alisikia ganzi ikimrudia, kuanzia vidoleni. Akainama kwenye kitabu, na chini ya mstari wa baba yake akaandika 1.