Jiwe la Nyuma ya Gurudumu

Kila Jumapili asubuhi, kabla ya ibada, Anneth alikuwa na kazi moja asiyoipenda hata kidogo: kufuta vumbi gari la baba yake. Lilikuwa Noah ya kijivu, na vumbi la mtaa wa Engutoto halikuionea huruma. Jumapili hiyo alipofika upande wa nyuma, kitambaa kilimdondoka. Bampa lilikuwa limebonyea na kioo cha taa ya kushoto kimepasuka.

"Baba! Njoo uone!"

Baba yake, Ndesanjo, alitoka na kiatu kimoja mguuni. Akalizunguka gari mara mbili. Kisha macho yake yakavuka ua, yakatua kwenye guta la jirani yao Ludovick, pikipiki ya magurudumu matatu anayobebea saruji. Waliegesha ua mmoja, na nafasi ilikuwa finyu.

Anneth naye alikuwa akitazama huko huko. Jana jioni, muda kidogo baada ya kurudi kutoka kwa Bibi Elieshi, alitoka nje akamwona Ludovick akisugua guta lake mbele kwa brashi. Nani anaosha guta la saruji giza linaingia? Tena Anneth alipomwamkia, aliitikia akiwa ameinama! Kadiri msichana huyu alivyofikiri, ndivyo jirani alivyozidi kuwa na hatia.

"Jana anko Ludovick alikuwa anasugua guta lake mbele," alisema.

"Una hakika?"

"Ndiyo, baba. Tena kabla ya hapo nikiwa ndani nilisikia kishindo, puu!"

Kishindo hakukisikia. Ila kwa kuwa aliamini kwamba lazima kilikuwepo, hakuona ubaya kukitaja.

Mama yake, Tabea, alishauri wamuulize jirani kwanza. "Aliyegonga akanyamaza, ukimuuliza leo atakubali?" baba akamjibu. Ludovick alipopita na kumsalimu, aliitikiwa kwa mdomo nusu. Hata Hanna, binti wa Ludovick, alipokuja Jumatatu kumpitia Anneth waende shule, aliambiwa atangulie.

Gari lilikuwa na bima kubwa, ile inayolipa hata madhara ya gari lako mwenyewe. Jumatatu jioni Kandida, wakala wa bima, akaja na fomu ya madai. Baba akamweleza yote.

"Ukimtaja mtu, lazima twende polisi," alisema Kandida. "Ataitwa kuhojiwa, na guta lake huenda likashikiliwa kituoni. Una uhakika, kaka?"

"Huyu hapa alisikia kishindo," baba akasema, akimwonyesha Anneth.

Anneth aligeuka, akatazama ng'ambo ya ua. Guta lile ndilo lililowalisha Hanna na wadogo zake.

Kandida aliinama kupiga picha. Akachomoa kitu kilichobanwa kwenye ufa wa taa, akakiinua juu. Lilikuwa jani la kahawa.

"Hapa kwenu mna mibuni?"

"Hapa? Hata mchicha unatushinda. Jumamosi tulikuwa kwa mama mkwe, kule juu ya Kikatiti. Niliegesha kwenye mteremko, nyuma kuna mibuni na mti mkubwa wa mgrivilea."

"Haliwezi kuwa liliteleza likaugonga huo mgrivilea?"

"Haiwezekani. Breki yangu ya mkono ni dhaifu, ndiyo maana sikosi kuweka jiwe nyuma ya gurudumu. Anneth ndiye hulitoa tukiondoka. Nilimuuliza, akasema tayari."

Jiwe! Hapo Anneth akakumbuka. Jumamosi ile palikuwa na kipaimara cha binamu yake, na Bibi alihitaji jiko la ziada uani. "Mjukuu wangu, nitafutie figa la tatu," alimtuma. Anneth aliliona jiwe zuri, bapa kidogo, limekaa nyuma ya gurudumu. Alipolichukua gari halikutikisika, basi akalisahau. Sufuria la ndizi likapanda jikoni, spika zikapiga muziki, nani angesikia gari likiteleza hatua mbili? Na baba alipouliza, akajibu tayari bila kwenda nyuma ya gari, kwa sababu kweli jiwe lilikuwa limeshatolewa. Tangu saa nane mchana!

"Jani si ushahidi," baba alisema, akaweka kalamu kwenye fomu. "Naandika: Ludovick."

Anneth angenyamaza tu, jambo lingekwisha. Lakini alimkumbuka Hanna akitangulia shuleni peke yake.

"Baba, usiandike! Jiwe nililichukua mimi, nikampelekea Bibi awe na mafiga matatu. Na kishindo sikukisikia." Akaanza kulia.

Baba akaiweka kalamu chini. Kisha akamuuliza Kandida kama bado angeweza kudai.

"Unaweza, bima kubwa inahusu hata ajali kama hii. Ila uandike ukweli wote, pamoja na habari ya breki, halafu kampuni iamue. Na ukidai kwa ajili ya bonyeo dogo hivi, utalikosa punguzo lako la ada ya mwaka ujao."

Baba aliona aibu waziwazi. Fundi alimwambia abadilishe ile breki tangu Pasaka. Akaikunja fomu, akamrudishia. "Hili nitalitengeneza mwenyewe. Na naanza na breki."

Kisha akaenda kwenye uzio wa mimea kando ya nyumba, akachuma jani la isale. Kwao Marangu, mwenye kosa huenda na jani hilo mkononi kuomba msamaha, na anayeletewa hakatai. Akamshika Anneth mkono, wakavuka ua.

Ludovick alilitazama jani, akashangaa. Alipoelezwa, alitikisa kichwa. "Kumbe ndiyo maana salamu zilikuwa za shida! Mfuko wa saruji niliouweka mbele ulipasuka na mvua ikaninyeshea njiani. Saruji ikigandia chuma haitoki, ndiyo nilikuwa nasugua. Jirani, ungeniuliza tu."

"Nisamehe. Nilitafuta wa kumlaumu kabla sijamuuliza mtu," baba akasema. Akamgeukia Anneth. "Kuchukua jiwe ilikuwa bahati mbaya, mwanangu, hakuna atakayekuchapa. Lakini kile kishindo ulikitunga. Gari fundi atalinyoosha kwa siku moja. Jina la mtu ukilibonyeza, hakuna bima inayolilipa."

"Nisamehe, anko," Anneth alisema kwa sauti ndogo.

Ludovick akalipokea jani, akalitia kwenye mfuko wa shati. Kisha akamwita Hanna alete chai.