Amplifaya Iliyowahi Kuungua

Soko la vifaa vya umeme lilikuwa na kelele za kumtoa mtu akili. Kila duka lilifungulia muziki wake, na kila muziki ulitaka kuumeza wa jirani. Katikati ya vurugu hiyo alisimama mwanamke mmoja mwenye gauni la rangi ya haradali, hedifoni shingoni kama mkufu. Kazini walimwita Sikio, kwa sababu aliweza kusikia bomba linalovuja nyumba ya tatu akakwambia ni la jikoni au la bafuni. Alikuwa na studio ndogo ya kurekodi nyuma ya nyumba ya shangazi yake, na humo spika mbili nzuri ajabu alizopewa na bosi wake wa zamani alipoacha kazi kwake. Kasoro ilikuwa moja tu: spika hizo hazikuwa na nguvu ya kwao. Bila amplifaya ya kuzisukuma, zilikuwa kabati mbili za kutunzia vumbi.

"Chukua hii, dada," alisema muuzaji aliyeitwa Bwana Mataa, maana dukani kwake hakuna kitu kisichomemeta. "Wati elfu mbili! Ukiifungulia, majirani wanahama."

"Sitaki wahame. Wengine ni wateja wangu."

"Na bei yenyewe ni kama nakupa bure."

Sikio akaitazama. Ilikuwa kubwa, ina taa za buluu, na bei aliiweza. Pesa aliyokuja nayo ilitosha kununua amplifaya moja. Ya kukosea hakuwa nayo. Mkono ulikuwa umeshaingia kwenye mkoba sauti iliposema nyuma yake:

"Mwambie azime muziki wake kwanza, uisikilize ikiwa haifanyi kitu."

Akageuka. Mwanamume mrefu, ovaroli ya kijivu iliyopigwa pasi mpaka mikunjo inakata, bisibisi tatu mfukoni mahali ambapo wengine huweka kalamu.

"Hayakuhusu, Fundi," alifoka Bwana Mataa.

"Ni kweli, hayanihusu. Dada, spika zako ni za nini?"

"Za studio. Wati mia moja."

"Na chumba?"

"Kidogo. Nikikohoa kinajaa."

Bwana Mataa akazima muziki shingo upande. Ndipo Sikio akaisikia feni ndani ya lile bati, inanguruma kama mashine ya kusaga.

"Hii ni ya ukumbi wa harusi," alisema Fundi. "Ukiiweka kwako, kila utakayemrekodi ataimba na feni. Wewe unataka wati mia na hamsini kila upande, isiyo na feni, yenye mbavu za chuma za kutolea joto. Ikiwa ndogo mno utailazimisha, itapasua sauti na kukuunguzia spika. Ikiwa kubwa mno unalipia mbwembwe."

"Na wewe, kwa bahati tu, unayo."

"Ninayo. Imetumika, haina taa, sura yake mbaya."

"Kama mwenyewe."

Hakuwa na sura mbaya, tusidanganyane, na Sikio alishaliona hilo tangu kwenye bisibisi.

Kesho yake Fundi akaja kuifunga. Alichuchumaa nyuma ya spika, Sikio akainama kummulikia na tochi ya simu, na kwa kazi ya dakika kumi wakatumia saa nzima na nusu. Shangazi, fundi cherehani, alikuwa mlangoni anashona vifungo. Alitazama, akatabasamu, akajichoma sindano.

Baada ya hapo zikaanza simu.

"Amplifaya inaendeleaje?"

"Haijambo, inakusalimu."

"Imekula?"

"Imekula umeme. Mimi ndiye bado sijala."

"Basi nakuja na chakula, kipenzi."

"Kipenzi nani? Mimi au amplifaya?"

"Anayejibu simu."

Wiki mbili za namna hiyo, na Sikio akawa anaamka kabla ya saa yake kulia.

Katika wiki hizo hizo alipata kazi aliyoililia mwaka mzima. Mwalimu wa kwaya kubwa ya mjini alimpa nyimbo nne azichanganye, sauti zikae sawa na vyombo. Zikimpendeza, kurekodi kote kwa kwaya kwa mwaka mzima kungekuja kwake. Zisipompendeza, kulikuwa na bosi yule wa zamani, ambaye alishasema hadharani kwamba Sikio atarudi kwake kuomba kazi kabla ya mwaka kwisha. Sikio akafanya kazi kwa spika zake, sasa zina nguvu. Aliona besi ni nyepesi, akaongeza. Bado nyepesi. Akaongeza tena.

Jumamosi, saa tatu asubuhi, simu ikalia.

"Mwanangu," alisema mwalimu wa kwaya, mama mwenye sauti ya kutuliza darasa, "watu wangu umewapeleka wapi? Nimeweka nyimbo kwenye gari, milango inatetemeka! Siwasikii waimbaji, nasikia mtu anaburuta makabati ghorofani."

"Mwalimu, haiwezekani..."

"Nipo ndani ya gari, nayasikia makabati. Saa tisa mchana nakuja na gari hili hili. Zikiwa bado hivi, nazipeleka kwa bosi wako. Usinichukie."

Sikio akakaa chini sakafuni. Spika zilimdanganya. Na kitu kipya chumbani kilikuwa kimoja. Akaing'oa amplifaya, akaibeba kifuani kama mtoto mgonjwa, uzito wa ndoo ya maji, akaenda nayo sokoni.

Bwana Mataa alimwona kwa mbali. "Ah, unairudisha? Hiyo ililetwa kwangu kwanza, dada. Ilikuwa imeungua, inanuka moshi. Mimi niliikataa. Muulize mpenzi wako."

Alipofika kwa Fundi aliitua juu ya meza kwa kishindo, mteja aliyekuwa na redio yake akajisogeza pembeni bila kuambiwa.

"Iliungua?"

Fundi aliona macho yake, akaweka chini bisibisi. "Iliungua."

"Na hukuniambia."

"Nilibadilisha transista zote zilizoungua. Niliiacha inawaka siku ishirini mfululizo kabla..."

"Sikukuuliza ulifanya nini. Nimekuuliza kwa nini hukuniambia!"

"Ningekwambia, ungeondoka."

"Ningeamua mwenyewe! Sasa kwaya inaondoka, na bosi wangu ananisubiri niende kumpigia magoti. Wiki mbili unaniita kipenzi, kumbe unanichekea."

"Sijakuchekea hata siku moja." Sauti yake ilishuka. "Kukuficha nilikosa. Lakini hii amplifaya haina kosa. Nipe wimbo."

"Siwezi kukupa hata salamu."

"Nipe wimbo, halafu unitukane vizuri."

Akampa, ili amtukane vizuri. Fundi akaifunga amplifaya kwenye spika zake mwenyewe, na wimbo wa kwaya ukatoka. Besi ilinguruma mpaka misumari ikachezacheza kwenye kopo. Waimbaji wamefunikwa kabisa. Makabati yanaburutwa, vile vile alivyosema mwalimu.

Sikio akapoa ghafla. Amplifaya ilikuwa inasema kweli. Sasa nani aliyesema uongo?

"Kwako inasikikaje?" aliuliza Fundi.

"Besi karibu haipo. Na mwimbaji hakai katikati. Anazungukazunguka chumbani kama mgeni ambaye hakupewa kiti."

Fundi akatazama mikono yake, mmoja baada ya mwingine.

"Nyaya za nyuma ya spika alizigusa nani baada yangu?"

"Hakuna. Ni wewe tu."

Akaichomoa amplifaya. "Twende kwako."

"Niambie hapa hapa."

"Nikisema kabla ya kuona nitakuwa nabahatisha. Nimeshakuficha moja, sitaki nikudanganye la pili."

Walitembea mtaa mzima, Fundi kabeba amplifaya, Sikio mbele, visigino vinagonga lami kwa hasira. Saa tano na robo wakaingia studio. Fundi akachuchumaa nyuma ya spika ya kushoto. Hakuinuka. Sikio akainama kuona.

Waya mwekundu ulikuwa penye alama nyeusi, mweusi penye nyekundu. Spika moja ilipokuwa inasukuma hewa mbele, mwenzake alikuwa anaivuta nyuma, na besi ikawa inafia katikati yao. Kosa la mtu aliyeanza kazi jana.

"Miaka kumi na minne," alisema Fundi, bado amechuchumaa. "Miaka kumi na minne sijawahi kugeuza waya."

"Na siku ile ulikuwa unafanya nini?"

Masikio yalimwiva Fundi.

"Alikuwa anakutazama shingo," alisema Shangazi kutoka mlangoni. Hakuna aliyesikia alipofika; kwa kufika bila kusikika alikuwa na kipaji. "Mimi nilimwona. Waya alikuwa anaukaza kwa kupapasa."

"Shangazi!"

"Usiniite Shangazi kwa ukali. Na wewe, unayesikia bomba la nyumba ya tatu, wiki mbili umekaa mbele ya spika zinazovutana, mbona hukusikia?"

Hilo likamwingia Sikio mpaka mfupani. Kosa kama hilo alipaswa kulikamata kwa dakika moja. Lakini kila alipokaa kwenye kiti kile, sikio moja lilikuwa kwenye wimbo, na la pili kwenye simu, kama inalia.

"Geuza waya," alimwambia Fundi, bila kumtazama. "Halafu kaa nje. Usiseme na mimi mpaka mwalimu aondoke."

Waya ukageuzwa. Mwimbaji akaja katikati ya chumba, akasimama pale, wima. Sikio akaona aibu ya kazi yake yote, akaanza upya. Wimbo wa kwanza ulimchukua saa moja na robo. Wa pili ulimpiga chenga, akaurudia mara tatu. Saa nane alikuwa bado katikati ya wa tatu. Shangazi akamwekea maji mezani akatoka bila mzaha, na Shangazi akikosa mzaha ujue mambo ni mazito. Wa nne aliumaliza gari likiwa linapiga honi nje.

Mwalimu wa kwaya hakutaka hata kiti. Alichomeka nyimbo kwenye gari lake, akafunga vioo, akakaa ndani peke yake. Sikio alisimama uani, kucha mdomoni. Fundi alikuwa kwenye benchi, viwiko magotini. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Wimbo wa kwanza. Wa pili. Milango ya gari haikutetemeka. Wimbo wa tatu mwalimu aliinamisha kichwa kwenye usukani, na Sikio akajua kwisha.

Kioo kikashuka. Macho ya mwalimu yalikuwa na maji.

"Yule wa mstari wa nyuma anayeimba chini chini," alisema. "Yupo kwenye kwaya yangu miaka tisa, leo ndiyo nimemsikia. Jumatatu saa mbili tuanze. Na usichelewe, mimi ni mwalimu."

Gari likaondoka. Sikio akajiangusha kwenye benchi, mbali na Fundi, kiasi cha mtu wa tatu kupita.

Fundi akasimama, akakunja mikono nyuma kama yuko mbele ya hakimu.

"Usinisamehe kwa sababu kwaya imebaki," alisema. "Nilikuuzia kitu bila kukwambia kilivyo. Sasa nakwambia mimi nilivyo, kabla hujauliza. Nakoroma. Mama yangu atakuja kukukagua, na atasema umekonda hata ukiwa hukukonda. Nikikasirika nanyamaza siku mbili. Na miaka minne iliyopita niliachana na mke wangu. Kosa lilikuwa langu nusu."

"Nusu ipi?"

"Kubwa."

Ndani ya nyumba cherehani ilinyamaza.

"Na pamoja na yote hayo," alisema Fundi, sauti imekauka, "naomba nikuoe."

Sikio alimtazama usoni, mikononi, kwenye ovaroli ambayo leo ilikuwa na kunyanzi goti zima. Alitaka kucheka, alitaka kulia, na bado alikuwa na hasira nzuri tu, isiyokwisha. Akajisogeza kwenye benchi, akamwachia nafasi.

"Kaa," alisema. "Unieleze, uanze na huyo mke."