Duka Halina Shangazi

Siku ya soko, Kikima hujaa watu mpaka njia ya kwenda kanisani haionekani. Ilikuwa siku kama hiyo, mwaka wa themanini na saba, Nzuki alipoingia dukani kwa Mbinya kutafuta wembe. Nzuki alikuwa kijana mrefu, suruali yake ya kaki imepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni. Kazi yake ilikuwa kutoka mjini Wote na kuzunguka masoko, akifundisha wenye maduka madogo namna ya kuendesha biashara. Mradi wenyewe ulikuwa wa kanisa.

Nyuma ya kaunta alisimama Mbinya, sweta ya kijani juu ya rinda la maua, maana milima ya Mbooni ina baridi yake. Nzuki alipomwona alisahau wembe. Nasema ukweli tu.

Kabla hajafungua mdomo, mzee mmoja aliingia, akajichukulia pakiti ya sukari kwenye rafu, akasema, "Wageni wamefika," akatoka. Nyuma yake mama mmoja akabeba sabuni, naye akaenda zake.

"Hao wamenunua?" Nzuki aliuliza.

"Yule ni mjomba. Huyu ni bibi ya binamu yangu."

"Sijauliza ni nani. Nimeuliza kama wamenunua."

Mbinya alimtazama juu mpaka chini. "Na wewe umekuja kununua ama umekuja kuuliza?"

"Nilikuja kununua wembe. Sasa niko na maswali."

"Maswali hatuuzi hapa."

"Naona hata sukari hamuuzi."

Mbinya alitaka kukasirika, akajikuta anacheka. Kisha kicheko kikaisha, kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa kweli. Baba yake alikuwa amemwachia duka hilo na onyo moja: rafu zikibaki tupu mpaka Krismasi, chumba kitakodishwa kwa mtu wa bucha.

Jumatatu iliyofuata Mbinya alikaa benchi la mbele kwenye ukumbi wa kanisa, kwenye masomo ya Nzuki.

"Duka ni mtu mwingine," Nzuki alifundisha. "Si wewe. Liko na tumbo lake."

Mbinya akainua mkono. "Mwalimu, huyo mtu ni mwanaume ama mwanamke?"

Watu wakacheka. "Ni mtoto," Nzuki alijibu, "na watu wakubwa wanammalizia uji."

"Na mwenye duka akitaka sukari?"

"Analipa kama wengine."

"Na mwalimu akitaka soda?"

"Analipa."

"Akija na shangazi yake?"

"Duka halina shangazi. Atalipa!"

Alisema hayo akimwangalia Mbinya peke yake, na ukumbi mzima uliona.

Mapenzi yalianza hapo. Kila Jumatatu baada ya masomo Nzuki alisimama kwenye kaunta, akalipia soda yake, akainywa polepole ili asiondoke. Siku nyingine Mbinya alimpigia simu ofisini Wote, kutoka kibanda cha posta.

"Halo, mwalimu. Duka linakusalimia."

"Liambie nimesikia. Na mwenyewe je?"

"Mwenyewe amenuna. Jumatatu ni mbali sana."

"Aii, mpenzi, si nitakuja. Na safari hii nakuja na mtu."

Mtu huyo alikuwa shangazi Mumbua, aliyemlea Nzuki tangu utotoni. Kabla mbuzi wa ntheo hawajapelekwa kwa kina Mbinya kuonyesha kwamba msichana ana mwenyewe, Nzuki alitaka shangazi amwone. Shangazi akikataa, mbuzi hawatoki. Mbinya alilijua hilo vizuri, na usingizi ulimpungukia.

Siku hiyo duka lilipendeza. Sukari ilikuwa imejaa rafuni, na mjomba, baada ya kununa mwezi mzima, alikuwa ameanza kuja na pesa mkononi. Shangazi Mumbua aliingia na leso mpya na kiondo begani, akakalia kiti alichopangusiwa. Akasifu rafu, akasifu sweta. Mbinya akatoa soda tatu zilizokuwa zimelala kwenye karai la maji, akazifungua. Wakanywa, wakacheka. Mambo yalikuwa yanaenda sawa kabisa.

Walipoinuka, Mbinya akamgeukia Nzuki. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mwalimu, ni soda tatu."

Nzuki alidhani anataniwa. Mbinya hakucheka. Alikuwa anaangalia kaunta.

"Tunauziwa?" shangazi Mumbua aliuliza. "Mimi nimekuja kuangalia msichana, kumbe nimekuja sokoni?"

Nzuki alilipa haraka, akamshika shangazi mkono, wakatoka. Walipofika nyumbani shangazi akasema neno moja tu: "Huyo hana mkono wa kupokea watu."

Jumatatu ikapita, na nyingine, Nzuki akamtuma mwenzake kufundisha Kikima. Aliumia. Aliwaza kwamba Mbinya alimpima mbele ya mzazi wake kama mtu asiyeaminika. Kule Kikima, Mbinya naye alilia chooni ili wateja wasimwone. Mwisho akafunga duka mchana, akaenda posta.

"Nzuki, usikate simu."

"Sikati. Niambie tu, ulitaka kunionyesha nini? Kwamba unajua masomo kuliko mimi?"

"Wewe ulisema duka halina shangazi."

"Nilisema ukumbini, Mbinya! Ulishindwa hata kutununulia?"

"Na pesa gani?"

"Si duka limejaa?" Nzuki aliuliza.

"Pesa yote ni ya duka, si ndivyo ulitufunza? Nikitaka sabuni nalipa, na hiyo ya kulipa naomba baba. Soda tatu za shangazi yako nilikuwa nataka kuzilipia kuliko wewe. Nilikuwa nimesimama pale na duka limejaa, na mimi sina hata shilingi yangu. Ningesema hiyo mbele yake vipi?"

Simu ikamaliza pesa, ikakatika.

Nzuki alikaa na mkono wa simu sikioni. Hivi kweli Mbinya alikuwa anaishi na nini? Hakuwahi kujiuliza. Yeye mradi ulimlipa mshahara kila mwezi, na kwa miezi yote hiyo aliwafundisha watu wasichofaa kuchukua dukani bila kuwaambia wanachofaa kuchukua. Aliona aibu, na alimpenda Mbinya zaidi.

Jumatatu alikuja mwenyewe, akasimama mbele ya ukumbi. "Niliwapa nusu ya somo," alisema. "Mwenye duka ni mfanyakazi wa duka. Jilipe mshahara. Uwe kidogo, duka lisilie, na uwe ule ule kila mwezi. Ukishaupokea ni wako. Usiulizwe umeufanyia nini."

Mbinya akainua mkono. "Mwalimu, na mtu aliyefundishwa nusu anafanyiwa nini?"

"Anaombwa msamaha. Nisamehe, mpenzi." Alisema mbele ya wote, na wamama wa benchi la nyuma wakapiga vigelegele.

Kumrudisha shangazi Mumbua ilikuwa kazi. Alikubali mwisho wa mwezi, na aliingia dukani kabla hajakaribishwa, akafungua fundo la leso, akaweka sarafu zake juu ya kaunta. "Leo nimejitayarisha," alisema.

Mbinya akazisukuma zirudi. Akatoa kibeti chake kidogo chekundu, akahesabu pesa, akazitia kwenye kisanduku cha duka. Ndipo akafungua soda.

"Umemlipa nani?" shangazi aliuliza.

"Nimelipa duka, mwaitu, mama yangu. Hii ni mshahara wangu wa kwanza. Soda mnanunuliwa na mimi."

Shangazi Mumbua aliiangalia chupa, akakiangalia kibeti, akamwangalia msichana. Alikunywa kidogo.

"Na mimi ninauza mayai kule nyumbani," alisema. "Naweza kujilipa?"

"Unaweza, mwaitu. Wanakula wangapi hayo mayai bure?"

"Huyu hapa ni wa kwanza," akamwonyesha Nzuki kwa kidole.

Walicheka mpaka mteja mmoja akachungulia ndani. Shangazi akaweka chupa tupu juu ya kaunta, akafunga sarafu zake kwenye leso. "Nzuki, hizo mbuzi za ntheo zitafutwe wiki hii. Na ununue na mshahara wako. Sitaki kusikia pesa ya mradi."

Alipotangulia nje, Nzuki akaegemea kaunta. "Mbinya, nikikuoa nitakuwa nakunywa soda bure?"

"Mwisho wa mwezi, ndiyo," Mbinya alisema, akamshika mkono. "Siku zingine unalipa."