Mashine Iliyosaga Hewa

Mashine ilizimwa, lakini haikunyamaza. Mwenyewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Unga kwa kuwa hata kope zake zilikuwa nyeupe, aliuchomoa mkanda na kuutupia begani. Ndani ya bomba la kutolea unga kitu kiliendelea kulia chinichini, kama mtu anayejikaza asisikike.

"Umeizima kweli?" mkewe alinong'ona mlangoni, mtoto mgongoni.

"Mkanda huu hapa begani. Unataka nijizime na mimi?"

Hakucheka mtu.

Ukuta wa nyuma wa kibanda chao ulishikana na kituo cha polisi. Tangu kamatakamata ianze, sajenti alikuwa akipita mchana, anagonga dirisha na kusema neno moja tu: "Washa." Unga aliwasha hata kama hakukuwa na punje ya mahindi. Mashine ikasaga hewa, na waliokuwa wakipigwa nyuma ya ukuta hawakusikika barabarani. Yeye alijiambia kazi yake ni mashine, mengine hayamhusu. Alijidanganya, na alijua.

Sasa unga ulinuka nywele zilizoungua. Wateja waliurudisha wakitema mate, mtoto akakataa ziwa, na kila Unga alipoinama kufagia alihisi pumzi ya moto shingoni, akageuka asione mtu, akainama tena na pumzi ikarudi, karibu zaidi, ikimlilia sikioni kwa sauti za watu wengi, wake kwa waume, mpaka ufagio ukamponyoka.

Mteja mmoja tu hakukoma kuja, naye hakuleta mahindi. Alikuwa mama wa fundi simu, yule kijana aliyeingizwa kituoni kwa miguu yake, na polisi wakakana kumwona.

"Baba, wewe ndiye jirani yao. Hujasikia chochote?"

"Mashine ina kelele, mama," Unga alimjibu akitazama chini.

Mkewe akamleta mganga, mwanamke wa makamo mwenye kikohozi na maneno machache. Alifukiza ubani, akatega sikio kwenye bomba, na chetezo kikazimika chenyewe.

"Huyu jini hakutumwa na adui," alisema taratibu. "Unamlisha wewe. Unapowasha, vilio vyote anavila yeye."

"Anataka nini? Mbuzi?"

"Hataki mbuzi. Atatoka siku utakapomwambia yule mama anayemtafuta mwanawe ulichosikia."

"Wataniua."

"Huenda. Sikuja kukudanganya."

Kesho yake sajenti aligonga. "Washa."

Unga alikuwa ameketi juu ya gunia. "Leo siwashi, afande."

Sajenti alimkodolea macho, akaondoka. Punde kilio kikapenya ukutani, kikafika barabarani. Muuza mkaa aliweka mzigo chini. Watu walisimama, wakatazamana, wakaona haya.

Mama wa fundi simu alikuwa palepale dirishani. Unga alitoka akamkabili.

"Mwanao nilimsikia, mama. Alikuwa akikuita wewe. Aliita sana, halafu akaacha."

Mama alishika ukuta. "Na wewe ukawasha mashine."

"Nikawasha."

Hakumsamehe. Alilia kwanza, akalia mpaka sauti ikakauka, kisha akamkamata mkono wa shati. "Twende ukaseme hivyohivyo getini kwao."

Walikwenda, na baadhi ya watu wakawafuata. Kibandani mashine ilikuwa kimya kabisa, na mtoto ananyonya.

Unga alifungua kinywa mbele ya geti. Hapo ndipo msumeno wa umeme ulipoanza kunguruma kwa seremala, upande wa pili wa kituo. Sajenti alikuwa amesimama mlangoni pa seremala. Mezani hapakuwa na ubao hata mmoja, na ndani ya ule mlio Unga alimtambua jini wake, analia chinichini.

"Sema," mama alimwambia, akimtikisa mkono. "Sema kwa nguvu, baba, asikie na seremala."