Mwanaume Asiye na Mate

Saa sita mchana, kibanda cha wali pale soko la Ba Chieu, Saigon, hakikuwa na pa kuweka hata kiwiko. Uyen, blauzi yake ya samawati imemganda kwa jasho, alimwona kijana wa pembeni akimimina bakuli zima la supu juu ya wali.

"Kaka, unakula au unafua?"

"Sina mate, dada. Mionzi ya kutibu saratani iliyakausha yote."

Uyen aliona haya hadi masikioni. "Basi umekaa na mtu wako. Maabarani kwetu tunaotesha tezi za mate."

Jamani, ndivyo kijana huyo, Khai, alivyonasa. Kila jioni simu: "Laazizi, vichipukizi vyetu vya tezi vimeshindaje?" Uyen humjibu vinatoa matawi vilevile kama tumboni mwa mama, mradi mshipa wa fahamu uwe karibu, ukiukata, vinasinyaa. Hakumwambia ni vya panya.

Kisha Uyen akampeleka Khai kwao. Mama yake alikwisha kuapa kwamba hataki mkwe mwenye saratani, kwa hiyo hakuambiwa kitu. Akamtilia mgeni tonge la wali wa kunata kwa vijiti vyake mwenyewe, na tonge la namna hiyo ukilikataa umeitukana nyumba. Khai alitafuna, akatafuna, macho yakamtoka. Mwishowe akalitema kiganjani.

"Chakula changu kinamtia kinyaa!" mama akafoka.

Khai akamtazama Uyen. Neno moja tu lingetosha. Uyen akainamia bakuli lake.

Tangu hapo Khai hakupokea simu za Uyen. Uyen hali, halali, analilia visahani vya maabara. Hata jioni moja Khai akapokea.

"Unataka nini?"

"Nilikudanganya, Khai. Zile ni tezi za panya. Huenda tukazeeka hujapata yako."

"Daktari alishaniambia zamani. Nilipenda tu kukusikia ukisema. Kilichoniua ni pale mezani. Ulinionea aibu."

"Ndiyo, nilikuonea aibu!" Uyen akaangua kilio. "Leo nimemwambia mama yote, kanifukuza. Niko mlangoni kwako na begi. Nioe, mpenzi wangu, hivyo hivyo ulivyo mkavu."

Uyen akasikia, nyuma ya mlango, mtu akipiga funda la maji, na jingine, maana kinywa kile bila maji hakitoi neno.

"Na saratani ikirudi?"

"Ikirudi itanikuta humo ndani. Fungua!"

Komeo likalia.