Mshono wa Kushoto

Walikutana mlangoni mwa duka la vifungo, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, watu wakisukumana kuingia na wengine wakisukumana kutoka. Yeye alikuwa fundi cherehani, amevaa gauni la manjano alilolishona mwenyewe, na tepe ya kupimia ilikuwa bado shingoni kwa kusahau. Bega la mtu likampiga, mfuko ukapasuka, kigurudumu cha uzi kikaruka. Kabla hakijafika chini, kijana mrefu aliyevaa suti ya mazoezi akakidaka kwa juu ya kiatu, akakirusha, kikatua kiganjani mwa fundi.

"Makubwa! Miguu yako ina viganja?"

"Miguu ndiyo kazi yangu, dada. Mikono ni pambo tu."

Alikuwa mchezaji wa taekwondo, na wenzake walimwita Teke. Akaomba namba ya simu kwa kisingizio cha suruali ya kufupishwa. Suruali ikafupishwa, ikarefushwa, ikafupishwa tena, mpaka shangazi yake fundi, mwenye cherehani ya pili pale kibandani, akasema kijana huyu labda miguu yake bado inakua.

"Shangazi, mwache mteja wangu."

"Mteja gani anakuja na maua?"

Basi wakapendana. Lakini fundi alikuwa na wivu, na wala hakuuficha. Aliwaonea wivu mashabiki wa Teke, alimwonea wivu kocha, kuna siku aliionea wivu hata simu yake. Teke alicheka tu, akambusu kwenye paji la uso, akamwambia, "Malkia wangu, mimi nina moyo mmoja na wewe umeukalia." Fundi alikuwa akipoa kwa siku kadhaa, halafu anaanza upya.

Mashindano ya kimataifa yalipokuja mjini kwao, ya wanaume na ya wanawake, fundi na shangazi wakapewa kazi ya kushona bendera na kurekebisha sare za wachezaji. Waliwekwa chini ya ngazi za ukumbi, na cherehani zao, pasi na ndoo ya vipande vya nguo. Juu yao watu walikuwa wakipiga vigelegele kwa lugha zote.

Asubuhi ya fainali, fundi alikwenda kuazima pini kwenye chumba cha timu yao. Akamkuta Teke amesimama kwenye korido akijaribu sare, mikono pembeni, amejiachia kama bwana harusi anayevishwa. Mbele yake alikuwa nahodha wa timu ya wanawake, msichana mwenye mabega mapana na kicheko kikubwa, aliyeitwa Shoto kwa sababu kila kitu alikifanya kwa mkono wa kushoto. Alikuwa anamfunga Teke mkanda mweusi kiunoni, taratibu, akimnong'oneza kitu. Fundi akarudi bila pini.

"Mbona umevimba?" shangazi akauliza.

"Sijavimba."

Hazijapita dakika nyingi, sare za waliofika fainali zikaletwa kupigwa pasi. Fundi akaigeuza suruali ya Teke nje ndani, na hapo moyo ukampasuka. Suruali ilikuwa imechanika kwenye msamba, na mtu alikuwa ameshaishona kwa sindano ya mkono. Uzi ulikuwa mweupe, mshono umeshika vizuri, lakini kila pigo lilikuwa limelalia upande usio wake. Mtu wa kulia hashoni hivyo. Ule ulikuwa mkono wa kushoto.

Akachukua simu.

"Mpenzi wangu, sema."

"Nani kakushonea suruali?"

"Nimeshona mwenyewe."

"Wewe? Wewe ambaye kifungo kikikatika unavaa fulana?"

"Sasa nikuambie nini, malkia wangu?"

"Usiniite malkia. Mwite huyo wa kushoto."

"Wa kushoto yupi?"

"Mfunga mikanda!" Akakata simu.

Mwanamke mwingine angelia. Fundi alichukua wembe, akaufumua mshono wote, kisha akaushikiza upya kwa bandi, mapigo marefu malegevu. Shangazi akavua miwani.

"Mwanangu, hiyo ni bandi. Ni ya kushikizia nguo kabla haijapita cherehani. Teke moja tu, na dunia nzima itamwona alivyozaliwa."

"Waone. Si kuna wenzangu wameshaona?"

"Huo wivu wako umeshakuwa mtu kamili, siku si nyingi utaanza kunisalimia shikamoo."

Teke akatokea mwenyewe kuchukua suruali, na mkono wa kulia ameutia mfukoni mwa koti la mazoezi. Alikuwa amenyoa vizuri, ananukia sabuni, na fundi alimchukia kwa kupendeza siku ile. Shangazi akakumbuka kwamba ana kiu, akaondoka.

"Umenikatia simu."

"Kaa." Fundi akamsukumia kiti, akamrushia kitambaa na sindano yenye uzi. "Umesema umeshona mwenyewe. Shona nione."

"Sasa hivi? Nina fainali."

"Na mimi nina roho inayoniuma. Shona."

Teke akashusha pumzi. Akakibana kitambaa katikati ya magoti, akashika sindano kwa mkono wa kushoto, ulimi nje. Pigo la kwanza likaenda kombo, la pili likalala, la tatu likalalia kulekule, kama kwenye suruali. Fundi akautazama ule mshono wa kitoto. Akauelewa, na hasira yake ikakosa pa kukaa.

"Toa huo mkono mfukoni."

"Fundi..."

"Utoe."

Kidole gumba kilikuwa kimevimba, kimebadilika rangi mpaka kwenye kifundo cha mkono.

"Pambano la kwanza," Teke akasema. "Nilizuia teke vibaya."

"Na Shoto anajua."

"Anajua."

Hapo ndipo wivu ulipomshika kwelikweli, kuliko asubuhi. "Yeye unamwambia, mimi unanificha?"

"Sikumwambia. Alinikuta nahangaika na mkanda. Suruali nikaona nikikuletea wewe, utataka niijaribu, utaniona mkono, utanipeleka kwa daktari."

"Na yeye hakukupeleka?"

"Yeye anataka timu ishinde."

Fundi akakaa juu ya rundo la sare. Asubuhi ile alikuwa amemtazama Teke kwenye korido, mikono yake yote miwili iko wazi mbele yake, na hakuuona hata mmoja. Aliona ya Shoto tu.

"Afadhali ingekuwa mwanamke," akasema, machozi yakimtoka. "Mwanamke ningemtimua. Kidole kilichovunjika nakitimuaje?"

"Ni pambano moja tu, mpenzi. Nishonee, nikapigane, kisha nitakwenda popote utakapo."

"Hiyo suruali nimeipiga bandi tu. Ukirusha teke, inafunguka."

Teke akaitazama suruali, akamtazama yeye. "Ulitaka nivuke nguo mbele ya dunia?"

"Nilitaka. Sasa nataka daktari akuone. Mpaka akuone, sishoni."

"Ya akiba iko kambini, ng'ambo ya mji!"

"Najua."

"Unaninyang'anya dhahabu."

"Nakunyang'anya suruali tu. Dhahabu kamwombe daktari."

Teke alimkasirikia. Alizunguka pale chini ya ngazi, akapiga teke ndoo ya vitambaa, vikatapakaa. Fundi hakuinuka, ameikumbatia suruali kifuani. Mwisho Teke akautazama mkono wake, akajaribu kukunja ngumi, ikashindikana. Akaondoka kuelekea chumba cha daktari bila kuaga.

Mfupa ulikuwa umevunjika. Daktari alisema kama angezuia teke jingine kwa mkono ule, pengine asingeshika tena hata kijiko. Mpinzani akapewa ushindi bila pambano, na Teke akabaki na medali ya fedha.

Wakati wa kuvishwa medali fundi alikuwa ameshaishona suruali kwa cherehani, mara mbili, mshono ambao hata farasi wawili wasingeuachanisha. Teke aliivaa bila neno, mkono umefungwa bendeji. Shoto akaja na mkanda mweusi, akamsogelea kama kawaida, kisha akamwona fundi. Akacheka kile kicheko chake.

"Shika, wifi. Kazi yako hii."

Fundi akaupokea. Hakujua hata pa kuanzia.

"Weka katikati ya tumbo," Teke akasema, bado amenuna. "Zungusha. Tena. Pitisha ncha chini ya mizunguko yote miwili. Vuta."

"Hivi?"

"Kaza. Unaogopa nini?" Sauti yake ikalainika. "Utakuwa unanifunga huu mpaka nizeeke, bora ujifunze sasa."

Mikono ya fundi ikasimama. "Unanichumbia, au unanifundisha mkanda?"

"Vyote. Ila pete nitakuvisha kwa mkono wa kushoto, itakwenda kombo."

"Nitaijua ni yako." Akalikaza fundo kwa nguvu zote, Teke akaguna. Huko juu jina la nchi yao likaitwa, ukumbi ukalipuka. Fundi akamvuta tena kwa mkanda uleule.

"Na yeye alikuwa anakufungaje?"

"Sikumbuki."

"Vizuri. Nenda."