Wazo la Sabra Kuhusu Dinosaria

Kila asubuhi Prisca na Sabra walipanda pamoja njia ya shule, wakipita kando ya matuta ya maharage kwenye miteremko ya Uluguru. Walikuwa darasa la sita. Wiki hiyo Mwalimu Faraja alikuwa amewapa swali: dinosaria wenye shingo ndefu, ambao mifupa yao ilichimbwa kule Lindi, walikulaje? Mwenye jibu bora angeiwakilisha shule kwenye maonyesho ya sayansi mjini Morogoro.

"Walikula majani ya juu, kama twiga," alisema Prisca.

"Labda," Sabra alijibu. "Lakini bibi yangu akichuma maharage mteremkoni, husimama mahali pamoja, mkono ukienda kulia na kushoto, juu na chini. Akimaliza ndipo husogea. Mnyama mzito vile, kila hatua ingemchosha. Nadhani alisimama tu, shingo ikazunguka, akameza bila hata kutafuna."

Prisca alicheka. Siku ya kujibu, Sabra alikuwa kitandani na malaria. Prisca akasimama mbele ya darasa, akaeleza maneno yale yale. Akamalizia, "Nimejifunza kwa bibi yangu."

"Hata wataalamu wengine wanafikiri hivyo!" Mwalimu alifurahi. Akamchagua.

Sabra aliporudi, maonyesho yalikuwa yamepita na cheti cha Prisca kimebandikwa ofisini. Hakugombana, hakushtaki. Alihama dawati, na asubuhi akaanza kupanda njia peke yake.

Prisca alivumilia siku nne. Ya tano akaingia ofisini.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mbona unalia?"

Akasema yote. Kesho yake alikiri mstarini, mbele ya shule nzima. Mwalimu aliwaandikia barua waandaaji wa maonyesho mjini, na baada ya wiki mbili kikaja cheti chenye jina la Sabra.

"Nisamehe," Prisca alimwambia.

"Nimekusamehe," alisema Sabra. "Ila nilitaka kumtaja bibi yangu mimi mwenyewe, mbele ya watu kule kwenye maonyesho." Akaenda zake.

Prisca akamgeukia Mwalimu, aliyekuwa amesimama mlangoni pa darasa. "Amenisamehe. Mbona hataki kuningoja njiani?"

Mwalimu Faraja akamjibu, "Aliyeiba jembe anaweza kurudisha jembe, mwanangu. Aliyeiba siku ya mwenzake hana cha kurudisha. Kwa hiyo useme kweli kabla hujapigiwa makofi."